Dirisha limezibwa na nini? Somo la kupanga vitu ndani ya nyumba ili hewa ipite

Kabla hujaendelea kusoma, nyanyuka uende ukasimame mbele ya dirisha la chumba unacholala. Kuna nini pale? Katika kuzunguka kwangu nyumba kwa nyumba hapa Dzaleka, vitu ninavyovikuta mbele ya dirisha ni vilevile: sanduku la nguo, gunia la mahindi, bidoni za maji zilizopangwa moja juu ya nyingine, au godoro lililosimamishwa mchana. Dirisha lipo, lakini halifanyi kazi yake.

Silaumu mtu. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu 10,000 hadi 12,000 hivi, na leo tumepita 50,000. Nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba viwili inalaza watu saba au wanane. Ukishaweka vitanda, mahali pa kuweka sanduku panabaki pamoja tu, yaani chini ya dirisha. Tena kuna wezi, na mwezi wa sita na wa saba baridi ya Dowa haina huruma.

Hata kwetu ilikuwa hivyo. Baada ya kuibiwa usiku, mama alisukuma sanduku kubwa la chuma mpaka dirishani, akapandisha gunia juu yake. Nilikuwa tayari nimeshafundishwa kazi hii ya kujitolea, na kila asubuhi nilikuwa nawaambia majirani wafungue madirisha. Jioni narudi kulala katika chumba chenye giza, pamoja na mjomba aliyekuwa anakohoa. Tulisema ni vumbi, tukasema ni baridi. Alipopimwa makohozi alikutwa na kifua kikuu. Nyumba nzima tukaitwa kupimwa, na mdogo wangu wa miaka minne naye akakutwa nacho. Wote wawili walitibiwa, wakapona. Lakini ile siku nilipolisogeza lile sanduku, mama aliniuliza, "Mwanangu, ulikuwa unajua siku zote?" Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu naandika somo hili.

KWA NINI HEWA IPITE?

Kifua kikuu hakiambukizwi kwa sahani, kikombe wala kusalimiana kwa mkono. Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu akikohoa, akipiga chafya, akiongea au akiimba, vijidudu hutoka katika matone madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Ndani ya chumba kilichofungwa, matone hayo hubaki yakielea kwa saa nyingi, na anayelala humo huyavuta usiku kucha. Hewa ikipita, huyatoa nje na kuyapunguza. Mwanga wa jua ukiingia moja kwa moja, nao huua vijidudu.

Hili limepimwa. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali za mji wa Lima, nchini Peru. Katika vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango, hewa ilibadilika mara 28 hivi kwa saa. Katika vyumba vya wagonjwa vilivyotegemea mashine za kusukuma hewa ilikuwa mara 12. Vyumba vya zamani, vyenye dari ya juu na madirisha makubwa, vilifanya vizuri kuliko vipya. Nyumba zetu ni ndogo na madirisha yetu ni madogo, kwa hiyo hatuna nafasi ya kupoteza hata kidogo kwa kuweka gunia.

JINSI YA KUPANGA

1. Tafuta njia ya hewa. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Funga uzi mwembamba kwenye kijiti, ufungue mlango na dirisha, kisha usimame karibu na dirisha. Uzi ukipeperukia ndani, hewa inaingilia hapo. Ukivutwa nje, inatokea hapo. Usipotikisika kabisa, tafuta kitu kilichoziba kati ya dirisha na mlango. Rudia asubuhi na jioni kwa sababu upepo hubadilika.

2. Vitu virefu viende kwenye ukuta usio na dirisha. Kabati, masanduku yaliyopandanishwa na godoro la kusimamisha visiwe mbele ya dirisha. Chini ya dirisha weka kitu kifupi tu, kama benchi au meza ndogo, na kisifike kwenye ukingo wa dirisha. Mkono wako uweze kufika na kufungua bila kusogeza kitu.

3. Gunia likae juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta. Hapo halitavuta unyevu, na utaona kama panya wameingia. Sanduku moja linaweza kuingia chini ya kitanda. Kitanda kikiwa kifupi, kiinue kwa matofali manne, tofali moja kila mguu, uhakikishe hakiyumbi.

4. Mtu anayekohoa alale upande ambao hewa inatokea, ili pumzi yake isipite juu ya wengine. Kama kuna chumba cha pili, alale peke yake mpaka mhudumu wa afya aseme vinginevyo. Watoto wadogo wasilale naye kitanda kimoja. Kila kitanda kiwe na chandarua kilichochomekwa vizuri, kwani dirisha linaloingiza hewa linaingiza na mbu.

5. Pazia liwe kikwembe chepesi, si blanketi. Mchana lifunge pembeni. Mshumaa au koroboi visiwekwe dirishani karibu na pazia, maana upepo mmoja tu unatosha kuunguza nyumba.

WEZI NA BARIDI

Najua utaniuliza, "Nikifungua, nani atanilindia vitu?" Sanduku halimzuii mwizi, linamzuia hewa. Pigilia fito ngumu au nondo dirishani, mkono upite lakini mtu asipite. Ukipata wavu wa waya, uongeze. Sanduku lenyewe lifunge kwa mnyororo na kufuli kwenye mguu wa kitanda.

Kuhusu baridi, funika watu, usifunike dirisha. Jua likichomoza, fungua mlango na dirisha, uache wazi mchana wote. Usiku wa baridi kali, acha hata sehemu ya juu ya dirisha iwe wazi. Usiingize mbabula yenye makaa ndani ili kupata joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu anaweza kufa usingizini. Dirisha lililo wazi halitoshi kukulinda na sumu hiyo. Pikia nje au jikoni penye uwazi.

Nyumba isiyo na dirisha kabisa: acha mlango wazi mchana, na wenye kukohoa wakae nje kivulini. Usitoboe ukuta peke yako. Matofali ya juu yanahitaji ubao wa kuyabeba, la sivyo yataanguka. Ongea na kiongozi wa eneo lako na fundi kwanza.

DIRISHA SI DAWA

Hewa safi inapunguza hatari, haitibu. Nenda kituo cha afya ukapimwe kama wewe au mtu wa nyumbani kwako:
- anakohoa kwa wiki 2 au zaidi;
- anatoa jasho jingi usiku, au ana homa isiyoisha;
- anakonda bila sababu;
- anakohoa damu (huyu asingoje wiki 2, aende leo).

Kifua kikuu kinatibika. Dawa hunywewa kwa kawaida miezi 6 bila kukatisha, hata ukijisikia umepona. Wala usimcheke jirani anayemeza dawa hizo. Anakulinda na wewe.

JIPIME

1. Ni kitu gani kipo mbele ya dirisha lako sasa hivi?
2. Hewa ya nyumba yako inaingilia wapi, na inatokea wapi?
3. Nani anakohoa nyumbani, na analala upande gani?
4. Kwa nini mbabula haifai kulala ndani hata dirisha likiwa wazi?

Ukishindwa swali la kwanza au la pili, kazi yako ya leo ni kuhamisha kitu kimoja tu. Muite kijana wa jirani akusaidie kubeba. Ukiniona napita na daftari langu, niite ndani unionyeshe. Nitafurahi kuliko ukinikaribisha chai.