Ishara Ndogo na Joto la Mchana: Modeli ya Transista katika Uchanganuzi wa Saketi

1. Utangulizi

Aliyesimama Kinanie, katika Kaunti ya Machakos, akautazama uwanda wa Athi, huiona ardhi kuwa tambarare. Dunia ni mviringo, lakini kwa mpimaji wa shamba kipande chake kidogo hakina tofauti na kilichonyooka. Hoja hiyo ndiyo msingi wa modeli ya ishara ndogo ya transista, kifaa ambacho cha kwanza kiliundwa na John Bardeen na Walter Brattain katika maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1947. Wanafunzi wengi huikariri modeli hii bila kuuliza inakomea wapi. Makala haya yanabainisha ujenzi wake na mpaka wake.

2. Kutoka mkunjo hadi mstari

Mkondo wa kolekta haukui sawia na volti iliyo kati ya besi na emita. Grafu yake hupinda na kupaa kwa kasi. Kwa hiyo, kwanza huchaguliwa mkondo tulivu, yaani ule upitao pasipo ishara. Kandokando ya nukta hiyo, kipande kifupi cha grafu huhesabiwa kuwa mstari. Mwinamo wa mstari huo huitwa gm. Hupatikana kwa kugawanya mkondo tulivu kwa volti ya joto, ambayo katika nyuzi 27 za Selsiasi ni takribani milivolti 26.

Katika modeli, transista hugeuka vitu viwili tu: ukinzani kati ya besi na emita, na chanzo cha mkondo kati ya kolekta na emita, chenye thamani ya gm mara volti ya ishara. Betri, kwa kuwa volti yake haibadiliki, huhesabiwa kwa upande wa ishara kuwa imeunganishwa na ardhi. Kapasita kubwa nazo huhesabiwa kuwa waya.

3. Mfano

Chukua kikuza sauti cha redio chenye betri ya volti 12, rezista ya kolekta ya omu 4,700 na mkondo tulivu wa miliampea 1. Rezista hiyo hula volti 4.7, kolekta hubaki na volti 7.3. Ikiwa emita imeunganishwa na ardhi kwa upande wa ishara, ukuzaji ni 4,700 gawanya kwa 26, yaani karibu mara 180, na ishara hutoka imegeuzwa juu chini. Transista ikikuza mkondo mara 200, ukinzani wa besi ni omu 5,200. Ikibadilishwa kwa nyingine ikuzayo mara 400, ukinzani huo huongezeka maradufu, ilhali ukuzaji wa volti kutoka besi hadi kolekta haubadiliki, mradi mkondo tulivu ubaki ule ule.

4. Mpaka wa modeli

Ishara ya milivolti 1 huleta kosa la takribani asilimia 2 tu. Ikifika milivolti 10, mkondo halisi huizidi modeli kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, na sauti huanza kuharibika.

Joto nalo lina hukumu yake. Kwa kila nyuzi 1 inayoongezeka, volti ya besi inayohitajika hupungua kwa takribani milivolti 2. Redio iliyowekwa chini ya paa la mabati Kinanie ikipata joto kwa nyuzi 15 kati ya alfajiri na adhuhuri, tofauti ni milivolti 30. Volti ya besi ikiwa imefungwa mahali pamoja bila rezista ya emita, mkondo hutaka kufikia takribani miliampea 3. Rezista ya kolekta ingedai volti 14, na betri ina 12 tu. Transista hujaa, ukuzaji hutoweka. Rezista ya omu 1,000 kwenye emita huzuia badiliko hilo lisizidi takribani asilimia 3. Kapasita sambamba nayo huipitisha ishara bila kuipunguza.

5. Hitimisho

Modeli ya ishara ndogo haielezi transista yote. Huieleza transista iliyotulia mahali pake. Mwanafunzi atafute kwanza mkondo tulivu, ahakikishe hautahamishwa na joto, ndipo achore modeli. Atakayeanza na mchoro atapata jibu sahihi la saketi ambayo adhuhuri haipo tena.