Si Uzee, Bali ni Njaa

 

Katika kikao chetu cha usiku wa Ijumaa aliinuka ndugu yetu mmoja, fundi wa magari hapa Mombasa, akaleta swali ambalo wengi wetu tunalo moyoni wala hatuthubutu kulitamka. Mama yake mzazi, ambaye umri wake umepita miaka 70, yuko kwao Kamukuywa, huko bara katika Kaunti ya Bungoma, kwenye njia itokayo Webuye kwenda Kitale. Mama huyo amekonda, nguvu zimemwisha, na baadhi ya jioni husema maneno yasiyopangika. Ndugu zake walioko nyumbani wasema ni uzee. Majirani wasema amerogwa. Yeye mwenyewe, kwa kuwa kazi imemfunga huku pwani, alifikiri kumpeleka katika nyumba mojawapo ya kulelea wazee huko Nairobi, akauliza: Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimeasi amri ya Mola wangu juu ya wazazi?

Kabla hajaketi, mmoja wetu alinong'ona kwamba mama mwenyewe si Muislamu, basi kuna haja gani ya kulichimba jambo hili? Neno hili halifai, na tuliondoe mbele. Bi Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake Madina hali mama huyo bado ni mshirikina, akamwuliza Mtume (s.a.w.) kama amtendee wema, naye akamwamrisha aunge udugu wake. Khabari hii imo katika Bukhari. Aliyesilimu hakusilimu ili apunguziwe mzigo wa mamake.

Sasa turejee kwenye swali. La nyumba ya wazee tutalijia. Kwanza tulitazame hili neno "uzee", maana kwalo tunafunika mengi.

Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi kwamba mabedui walimwuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaamrisha watafute dawa, akawaeleza kuwa hapana ugonjwa usiowekewa dawa ila mmoja, nao ni uzee. Watu wengi wameifanya hadithi hii kuwa udhuru wa kukaa kitako. Mimi nafahamu kinyume chake. Ikiwa uzee peke yake ndio usio na dawa, basi yatupasa tuhakikishe kwanza kwamba hicho tukionacho ni uzee kweli, wala si jambo jingine lililovaa kanzu yake. Mvi ni uzee. Mwendo wa polepole ni uzee. Lakini mtu wa kilo 60 kushuka hadi kilo 54 kwa muda wa miezi 6 si uzee; matabibu wahesabu kupungua namna hiyo, sehemu moja katika kumi, kuwa ni dalili ya hatari kwa mtu wa umri wowote.

Nilifuatana na ndugu yetu mpaka Kamukuywa. Hiyo si nchi ya njaa. Iko chini ya Mlima Elgon, mahindi na maharagwe hustawi, migomba ipo, na ng'ombe wa maziwa si wageni. Alfajiri nilimwona kijana wa nyumba akikama. Maziwa yakatiwa katika mkebe, pikipiki ikayachukua kwenda kuuzwa. Baada ya saa moja mama aliletewa kikombe cha chai ya mkandaa na kiazi kitamu kimoja. Adhuhuri alipewa ugali mgumu na sukuma wiki. Sahani ikawekwa juu ya kigoda kando ya kitanda, mjukuu akaenda zake, na baadaye ikaondolewa kama ilivyowekwa. "Hataki kula," wakasema.

Tuliketi naye, na mwanawe akamwuliza kwa lugha yao. Akajibu bila ya kinyongo. Meno yamembakia matatu, na ugali ule hauvunjiki. Mkono watetemeka, na aona haya kumwaga mchuzi mbele ya wakaza wanawe. Maji hanywi tangu alasiri, kwa kuwa choo kiko ng'ambo ya ua, na usiku kuna giza na utelezi, naye mwaka uliopita alianguka hapo.

Ndugu zangu, katika maelezo hayo yuko wapi jini? Yuko wapi mchawi? Kiu ya mzee hupungua kwa umri. Mwili wake wahitaji maji naye hahisi. Akikosa maji, na khasa akiwa pia na uchafu katika mkojo au homa, akili yaweza kuvurugika jioni na kutengenea asubuhi, na watu wakaenda kutafuta hirizi na kombe. Wala tusiwacheke watu wa bara. Hapa kwetu Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hata Kaya Godoma huko Ganze ikawa ni mahali pa kuwahifadhi waliotishwa na jamaa zao wenyewe. Ni wangapi katika hao ambao kosa lao lilikuwa kusema ovyo na kutembea usiku, nao ni wagonjwa?

Watu wa nyumba ile si wabaya, na napenda hili lifahamike. Hapana aliyemnyima. Walimpa chakula, lakini hawakumlisha. Na ndugu yetu naye alikuwa akituma pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi, akilala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu. Lakini pesa za simu hazina mkono wa kushika kijiko. Serikali nayo ina Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee aliyeandikishwa, ambazo hazifiki shilingi 70 kwa siku. Hizo zasaidia kununua, ila hazipiki.

Basi mzee ahitaji nini? Wengi hudhani kwamba mwenye umri mkubwa yamtosha chakula kidogo cha aina yoyote. Ni kweli kwamba hatumii nguvu kama mpagazi wa bandarini, lakini nyama ya mwili wake yayeyuka upesi, na ili isiyeyuke ahitaji protini, ndicho chakula kinachojenga mwili, si chini ya kijana bali pengine zaidi. Wataalamu wa lishe wa Ulaya wameshauri angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na vinywaji visivyopungua lita 1.6 kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume. (Mwenye maradhi ya figo au ya moyo amwulize daktari wake kwanza.) Mama wa kilo 50 basi ahitaji gramu 50. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 15. Kile kiazi na chai ya mkandaa havifiki 3. Mwenye duka yeyote aweza kuipiga hesabu hii.

Na juu ya yale maziwa yaliyokwenda kuuzwa, nina khabari. Huko Australia walichukua nyumba 60 za wazee zenye wakazi zaidi ya 7,000. Katika nusu yao wakaongeza maziwa, mtindi na jibini katika chakula cha kila siku. Nusu nyingine wakaiacha kama ilivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: kwa muda wa miaka miwili, wale walioongezewa walivunjika mifupa pungufu kwa asilimia 33, na mfupa wa nyonga pungufu kwa asilimia 46. Hawakupewa dawa yoyote mpya. Ni maziwa, yale yale apandayo nayo kijana wetu pikipiki kila asubuhi.

Tulikubaliana na watu wa nyumba mambo machache. Vikombe viwili vya maziwa vitolewe kabla ya mkebe kufungwa. Asubuhi uji wa wimbi uliotiwa maziwa, kwani wimbi una madini ya mifupa kuliko mahindi mara nyingi. Maharagwe yapondwe, yai lichemshwe, dagaa watwangwe watiwe katika mchuzi, na ugali wake usongwe laini. Apewe kijiko badala ya kumwacha ahangaike na vidole. Ndoo yenye kifuniko iwekwe kando ya kitanda, na taa, ili anywe maji bila ya khofu. Aketi juani asubuhi, jambo ambalo bibi zetu wa Mji wa Kale wanaoshinda ndani wanalihitaji pia. Na apelekwe kituo cha afya apimwe sukari, damu na mkojo, maana chakula hakitibu kila kitu.

Sasa ile nyumba ya wazee. Qurani, katika aya ya 23 ya Sura ya Bani Israil, imemtaja mzazi aliyefikiwa na uzee, na ikaongeza neno lenye maana ya "kwako", yaani akiwa katika ulezi wako. Wapo wanaosema kwa neno hilo kwamba nyumba ya wazee ni haramu moja kwa moja. Sisi hatuoni hivyo. Zanzibar wana nyumba za wazee Sebleni na Welezo, na Limbani huko Pemba, na waliomo wengi hawana mtu. Ulezi ni kujua na kusimamia, wala si kuta. Yawezekana mzazi awe chumba cha pili nawe hujui kama amekula, na yawezekana awe mbali nawe wajua.

Lakini anayetaka kumpeleka mzazi huko asiitazame rangi ya ukuta wala maua ya mlangoni. Aende wakati wa chakula. Atazame kama chakula ni cha moto, kama asiyeweza kushika kijiko ana mtu wa kumsaidia, na kama sahani iliyojaa yaondolewa kimya kimya. Uingereza baadhi ya hospitali humpa mgonjwa wa namna hiyo sinia jekundu, ili kila apitaye ajue kwamba huyu ni wa kulishwa. Tena atazame wanavyoketi. Uholanzi, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006, nyumba 5 za wazee zilijaribiwa: baadhi ya wakazi wakaletewa chakula kilichokwisha kupakuliwa, na wengine wakaketi mezani kama jamaa, mabakuli katikati, kila mtu akijipakulia. Baada ya miezi 6 hawa wa pili walikuwa na uzito na nguvu kuliko wenzao. Nasi tumepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipolalamikiwa na watu walao wasishibe, aliwauliza kama wala mbalimbali, akawaamrisha wakusanyike. Tuna sinia nyumbani, na bado twampelekea mzee sahani yake chumbani peke yake!

Tulimjibu ndugu yetu hivi: mama abaki kwake madamu kuna mtu wa kuketi naye adhuhuri. Akikosekana mtu huyo, nyumba njema ya wazee ni bora kuliko sahani baridi juu ya kigoda, naye hatakuwa ameasi, kwa sharti aende kumtazama.

Neno moja kwa wazee wetu Waislamu, kwani Ramadhani haiko mbali. Mzee asiyeweza kufunga amepewa rukhsa, na kwa kila siku alishe maskini. Anas bin Malik, mtumishi wa Mtume, alipokonga alikula na akalisha. Basi tusimsifu bibi mwenye sukari kwa kufunga mpaka azimie. Tumsomee rukhsa yake, na fidia tuitoe sisi.

Kikao kijacho, inshaallah, kila mmoja aazime futi ya fundi cherehani, ampime mzee wake shavu la mguu mahali palipo panene. Likiwa chini ya sentimita 31, tutalizungumza. Na aje na jawabu la swali hili: jana adhuhuri mzee wako alikula nini, na nani alikuwa ameketi naye?