Mtungi Huu Una Chai Ngapi? Mafunzo Manane Niliyopata Jikoni Mlimani

Ilikuwa saa nne na nusu usiku, kambi ya Barafu, mita 4,673 juu ya usawa wa bahari. Wageni tisa walikuwa wamelala na nguo zao zote. Saa tano walitakiwa kuamshwa kwa chai na biskuti, saa sita waanze kupanda kuelekea kilele cha Uhuru. Sufuria ya lita kumi ilikuwa jikoni, mvuke ndiyo kwanza unaanza kuonekana, na moto ukawa unasinyaa mbele ya macho yangu. Ulikuwa mkubwa, ukawa kama wa mshumaa, ukazimika.

Nikatoka hemani kumwambia mpishi mkuu kwamba gesi imekwisha. Hakunijibu. Aliingia, akaunyanyua mtungi, akautikisa. Ndani kikasikika kimiminika kikigonga chuma: chwa, chwa.

"Bwana mdogo," akasema, "gesi ipo. Mtungi nao unasikia baridi."

Huo ulikuwa msimu wangu wa kwanza kama msaidizi wa mpishi, baada ya miaka miwili ya kubeba mizigo na wagumu wenzangu. Baadaye nilipika Kilimanjaro miaka 11. Siku hizi nakaa Moshi, na watu huniuliza wanunue jiko gani la safari, au waweke nishati gani nyumbani kwa ajili ya siku umeme umekatika na mafuriko yamefunga barabara. Jibu langu ni mafunzo haya manane. Mengine niliyapata kwa aibu.

1. Gesi inaweza kuwepo na isiwake

Gesi ya kupikia ni propani na butani zilizoshindiliwa mpaka zikawa kimiminika. Ili iwake, sharti kwanza igeuke mvuke, na kugeuka mvuke kunahitaji joto. Joto hilo mtungi hulichota kwenye hewa inayouzunguka. Propani hugeuka mvuke hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, lakini butani huanza kugoma baridi ikikaribia sifuri. Ukiwasha moto mkali, mtungi wenyewe hupoa kuliko hewa, hata ukaona ukungu wa barafu umeushika tumboni. Isitoshe, propani ndiyo hutangulia kutoka, hivyo mtungi unaokaribia kwisha ndio unaosumbua zaidi kwenye baridi.

Usiku ule mzee, yule mpishi mkuu, alichukua beseni la maji ya vuguvugu ya kuoshea vyombo, akausimamisha mtungi ndani yake. Baada ya dakika chache moto ukarudi. Wageni waliamka wamechelewa dakika kumi, na hakuna aliyejua kwa nini. Tangu siku ile mtungi wangu haujakaa juu ya mawe matupu. Huwekwa juu ya kipande cha godoro. Makopo madogo ya gesi nilikuwa nalala nayo ndani ya begi la kulalia.

Kipimo cha yale maji ni mkono wako. Usipoweza kuuacha ndani yake, ni ya moto kupita kiasi. Na mtungi hausogezwi karibu na moto kwa sababu yoyote ile. Aliyejaribu kuupasha kwa mshumaa jikoni kwangu nilimtoa nje siku hiyohiyo.

2. Hesabu chai, usihesabu kilo

Mzee hakuwahi kuniuliza gesi imebaki kilo ngapi. Aliuliza, "Mtungi huu una chai ngapi?" Nilidhani ni mzaha wa wazee, mpaka nilipoanza kupima.

Kila mtungi umepigwa chapa ya uzito wake ukiwa mtupu. Mizani ya kuning'iniza tuliyopimia mizigo ya wagumu getini, isizidi kilo 20, ndiyo niliyopimia mtungi kabla na baada ya kupika. Nyumbani Moshi, lita moja ya maji mpaka ichemke hula karibu gramu 15 za gesi, sufuria ikiwa imefunikwa na hakuna upepo. Kule Barafu, ambako hakuna maji na tuliyabeba kutoka bonde la Karanga yakiwa baridi kama yametoka kwenye friji, lita hiyohiyo ilikula gramu 30.

Kwa hesabu hiyo unaweza kuipangia familia. Watu watano wakinywa lita mbili mbili kwa siku ni lita kumi za kuchemsha, yaani gramu 150. Ongeza uji, wali na mboga, sema gramu 200 nyingine. Siku tatu za dharura ni kama kilo moja na kidogo. Mtungi wa kilo sita uliojaa unawatosha wiki mbili na ushee. Ule uliobaki robo pia unawafaa, ilimradi unajua ni robo.

3. Upepo hula gesi kuliko mdomo wa mtu

Kijana mmoja niliyemfundisha kazi alipika nje ya hema pale Shira ili afaidi mandhari. Moto ulikuwa unalala upande kama majani ya mgomba, na lita tatu za maji zilimchukua karibu dakika arobaini. Nikamwambia asogee nyuma ya jiwe kubwa na afunike sufuria. Maji yakachemka kabla hajamaliza kumenya viazi.

Kinga upepo kwa jiwe, kwa bati au kwa gogo. Ila kama jiko linakaa juu ya mtungi wenyewe, usilizungushie bati pande zote, maana joto litarudi kwenye mtungi. Acha upande mmoja wazi, na kila mara gusa mtungi kwa kiganja. Ukiwa wa moto, zima.

4. Tafuta nishati kwanza, jiko baadaye

Mgeni mmoja kutoka Ujerumani alishuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na jiko linaloenea kiganjani. Alitaka kutembea Usambara siku tano, kutoka Lushoto mpaka Mtae, akaniomba nimsindikize. Gesi hakuwa nayo kwa sababu kopo la gesi haliruhusiwi ndani ya ndege, si kwenye begi la mkononi wala kwenye mzigo. Tukazunguka Moshi mchana kutwa. Duka moja lilikuwa na makopo ya kutobolewa, wakati jiko lake lilitaka ya kukaza kwa nati. Mitungi ya kilo sita ilikuwepo kila kona, lakini nani ataupandisha mgongoni Usambara mtungi ambao ukijaa unazidi kilo 12?

Lile jiko la fedha nyingi lilikaa begini safari nzima. Tukapikia spiriti, kwenye jiko nililolikata kwa kisu kutoka kopo la soda.

Tangu hapo nikiulizwa jiko gani ni zuri, nami huuliza: unakokwenda, dukani wanauza nini? Nyumbani ni hivyohivyo. Hakikisha regulata unayoihifadhi inaingia kwenye mtungi ulio nao, maana mitungi haifanani vichwa.

5. Mafuta ya taa yana siku yake

Desemba 2011 nilikuwa Dar es Salaam, nimemfuata dada yangu Jangwani ili tupande naye Moshi kwa Krismasi. Mvua ikanyesha, bonde la Msimbazi likajaa, na maji yakaingia ndani mpaka usawa wa dirisha. Tulihamia ghorofani kwa jirani, watu kumi na sita vyumba viwili. Gunia la mkaa lilikuwa uji mweusi. Mtungi wa gesi wa dada tuliukuta unaelea sebuleni kama dafu, maana mtungi mdogo huelea hata ukiwa na gesi ndani. Regulata yake ilikuwa imejaa tope, na sikuthubutu kuwasha gesi.

Aliyetuokoa ni mama mwenye nyumba, na jiko lake la mchina lenye tambi nusu zimeungua, pamoja na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Moshi ulituchoma macho na sufuria iligeuka nyeusi tii, lakini watoto walikunywa uji, na maji ya kunywa yalichemshwa. Katika mafuriko, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya moto. Chakula cha kutafuna kikavu unaweza kukipata, ila maji ya bomba yaliyochanganyika na ya choo hayanyweki bila kuchemka kwa nguvu walau dakika moja. Ukiwa juu ya mita 2,000, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, chemsha dakika tatu.

Uzuri wa mafuta ya taa ni kwamba hukaa muda mrefu, hugawanywa kwa kikombe, na si rahisi kulipuka. Hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la karibu nyuzi 38, wakati petroli hufanya hivyo hata kwenye baridi kali. Hapo ndipo ilipo hatari: mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli ni bomu. Mwaka huohuo wa 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kwa sababu ya uchakachuaji wa dizeli, na sote tulijifunza kuwa kilichomo chupani si lazima kiwe kilichoandikwa. Nunua kituoni, nusa, weka alama kwenye dumu, na usitumie chupa ambayo mtoto anaweza kuidhania soda. Jirani yetu alifanya kosa hilo, na ilikuwa bahati tu kwamba watoto hawakuwa na kiu.

6. Moto wa spiriti hauonekani mchana

Turudi Usambara na yule Mjerumani. Siku ya pili, jua la saa sita, tumekaa juu ya jabali. Maji yalikuwa hayajachemka, na nikaona jiko limezimika. Nikachukua chupa nimwagie spiriti nyingine. Jiko halikuwa limezimika. Moto wa spiriti ni wa buluu hafifu, na kwenye jua kali huuoni kabisa. Ukapanda kwenye mkondo wa spiriti, ukaunguza nywele za mkono wote wa kulia na nusu ya nyusi. Niliitupa chupa mbali kabla haijashika. Mgeni wangu alicheka baadaye sana, tulipokwishahakikisha kuwa nina vidole vitano.

Sasa najaza mara moja tu, kwa kikombe cha kipimo. Likizimika, nasubiri lipoe na kupitisha kiganja juu yake kwa mbali kwanza. Kumbuka pia kwamba spiriti ina nguvu karibu nusu ya ile ya gesi kwa uzito uleule. Inafaa kwa mtu mmoja na chai yake; familia ya watu watano itaimaliza chupa kabla wali haujaiva.

7. Kichwa kikiuma, toka nje kwanza

Hema la jikoni ndilo lenye joto kambini, na wagumu hupenda kulala humo. Usiku mmoja wa mvua tulifunga zipu zote, jiko likaachwa linawaka kidogo ili kukausha soksi. Nikaamka kichwa kinapasuka, tumbo limechafuka. Mwenzangu naye alikuwa hivyohivyo. Tukasema ni mwinuko. Lakini huyu mwenzangu alikuwa amepanda mlima ule mara zaidi ya arobaini na hajawahi kuumwa kichwa. Mzee alitukokota nje kwenye mvua, tukatapika, na baada ya saa moja tukapata nafuu.

Ilikuwa kaboni monoksaidi. Moto wowote unaokosa hewa huitoa, na haina rangi wala harufu. Dalili zake hufanana na za ugonjwa wa mwinuko, na nyumbani hufanana na za malaria inayoanza, ndiyo maana hudanganya. Mkaa ni mbaya kuliko vyote. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Pikia mlangoni au chini ya veranda, na ukilala zima.

8. Boksi la dharura lipikiwe

Boksi langu liko juu ya kabati, maji yasikolifikia: regulata ya akiba ndani ya mfuko wa plastiki, kichomeo cha mtungi wa kilo sita, viberiti viwili ndani ya chupa iliyofungwa, sufuria yenye kifuniko, na chupa ya chai ya lita mbili. Chupa ya chai ndiyo nishati ya bei rahisi kuliko zote: chemsha mara moja, tumia mpaka jioni. Hakuna maharage humo. Mna unga wa uji, tambi na mchele, vyakula visivyodai moto wa saa mbili.

Zamani boksi hilo lilikaa miaka miwili bila kuguswa. Nilipolifungua, mpira wa regulata ulikuwa umepasuka na viberiti vimelowa. Ndiyo maana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunazima jiko la kawaida na kupika kwa boksi. Nauangika mtungi kwenye mizani, natoa uzito uliopigwa chapa, nagawanya kwa zile gramu 15. Binti yangu wa darasa la nne ndiye anayeandika ukutani kwa chaki. Mwezi huu ameandika: "Baba, chai 140." Kisha akanitazama na kuuliza kama zile zilizopikia uji nazo zinahesabiwa.