Njia ya Shule, Uwanja wa Mpira: Kijana wa Likuyani na Wenzake Wenye Ulemavu

Likuyani iko kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, inapakana na Trans Nzoia na Uasin Gishu, na ni nchi ya mahindi. Barabara ya Eldoret kwenda Kitale inapita Soy, Matunda na Moi's Bridge, lakini wanafunzi wengi hawaendi shule kwa lami. Wanakata kando ya mashamba, kwa vijia vya udongo ambavyo mvua ya Aprili huvigeuza tope la kufika kwenye vifundo vya miguu. Mwanafunzi anayetembea kwa magongo huchelewa hapo, na anayetumia kiti cha magurudumu huenda asitoke nyumbani kabisa siku hiyo.

Ratiba ya kijana wa miaka 15 au 16 wa huku inajulikana. Anaamka kabla ya jua, anateka maji au kukamua ng'ombe, anakunywa chai na kuondoka. Jioni kuna mpira, kazi za nyumbani na vitabu. Jumamosi kuna kupukuchua mahindi au kwenda sokoni. Jumapili kuna kanisa na kwaya. Ndani ya siku hii ya kawaida mna nafasi nyingi za kumshirikisha mwenzake mwenye ulemavu au kumwacha nje, na nyingi kati ya hizo hazingoji mwalimu wala chifu. Ndiyo maana kijitabu hiki kinamhusu kijana. Katiba imetimiza sehemu yake, sheria nayo imetungwa, lakini swali la nani ataitwa kwenye timu wakati wa mapumziko huamuliwa na watoto wenyewe.

Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya wapatao 900,000 wa umri wa miaka 5 na zaidi kuwa na ulemavu, yaani asilimia 2.2. Mashambani kiwango kilikuwa asilimia 2.6, mijini 1.4. Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu sensa ilimhesabu yule tu mwenye ugumu mkubwa wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, au asiyeweza kabisa. Shirika la Afya Duniani, linalopima kwa upana zaidi, linakadiria kwamba karibu asilimia 16 ya watu duniani wana ulemavu wa maana. Kwa hiyo katika darasa la wanafunzi 50, kijana asidhani hakuna mwenzake anayehusika kwa sababu tu haoni gongo. Yupo anayeinama mpaka pua iguse daftari, yupo asiyejibu anapoitwa kutoka nyuma, na yupo anayekosa shule siku mbili kila mwezi bila kueleza sababu.

Huyo wa mwisho huenda ana kifafa, na hapa wenzake wanaweza kuokoa maisha. Degedege likimshika darasani, mabenchi yasogezwe, awekewe sweta chini ya kichwa na kola ilegezwe. Alazwe kwa ubavu ili mate yatoke. Asishikwe kwa nguvu, na asitiwe kijiko, kijiti wala kitu chochote mdomoni. Mmoja atazame saa: likipita dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja. Povu lake haliambukizi mtu. Wapo wanafunzi wanaokimbia darasa zima kwa hofu hiyo, na anapozinduka mwenzao anajikuta peke yake sakafuni. Rafiki mmoja aliyebaki, akamfunika na kumwambia kwa sauti ya chini yaliyotokea, anatosha kumfanya arudi shuleni kesho yake.

Jambo lenye kuhitaji ujasiri zaidi ni kuuliza. Vijana wengi wenye moyo mzuri hukimbilia kushika, kusukuma na kubeba. Asiyeona hunyakuliwa mkono akavukishwa barabara aliyokuwa hataki kuvuka. Utaratibu ni kumsalimu kwa jina lake, kumuuliza kama angependa kusaidiwa na kwa namna gani, kisha kumwachia yeye ashike kiwiko chako, umtangulie nusu hatua. Akisema hapana, ni hapana. Kiti cha magurudumu nacho ni sehemu ya mwili wa mwenyewe; hakiegemewi, hakining'inizwi mikoba, hakisukumwi bila idhini.

Wakenya wamewahi kuona ushirikiano wa namna hiyo mbele ya dunia nzima. Henry Wanyoike, mzaliwa wa Kikuyu, alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kupata kiharusi. Katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 alikimbia mita 5,000 akiwa na mwongozaji, John Kibowen. Kibowen aliugua mbio zikiendelea, na karibu na mwisho alikuwa ameishiwa nguvu. Asiyeona ndiye aliyemvuta anayeona hadi wakavuka mstari, wakatwaa dhahabu. Miaka minne baadaye, jijini Athens, Wanyoike alishinda mita 5,000 na mita 10,000 akiongozwa na Joseph Kibunja, rafiki yake wa tangu utotoni. Kanuni za mbio hizo zinamkataza mwongozaji kumvuta mkimbiaji. Anakimbia ubavuni, hatua kwa hatua, akisema kona iko wapi. Urafiki wa utotoni ulifika Athens namna hiyo.

Viziwi wana kikwazo cha aina nyingine, na hapa Likuyani ina mtaji ambao haijautumia vya kutosha. Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi yaligawanywa kwa familia zilizotoka sehemu mbalimbali, na hadi leo kijana wa hapa anaweza kusikia Kibukusu, Kimaragoli, Kitachoni, Kinandi na Kikuyu katika soko moja. Watoto hujifunza salamu za jirani bila kufundishwa na mtu. Lugha ya Ishara ya Kenya inaweza kuingia kwa mlango huohuo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kuikuza, na Kifungu cha 120 kinaifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kakamega yenyewe ina historia hapa: shule ya viziwi ya Mumias ilianzishwa mwaka 1961. Alfabeti ya vidole hujifunzwa kwa alasiri chache, na kwa herufi hizo tu kijana anaweza kuandika jina lake hewani akapewa la mwenzake.

Njia ya watoto kuelimishana ina rekodi yake. Mwaka 1978, wataalamu wa elimu na afya jijini London walianzisha mpango wa mtoto kwa mtoto kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, 1979, wakiamini kwamba watoto wanaweza kubeba ujumbe wa afya hadi kwa wadogo zao na nyumbani. Magharibi mwa Kenya, shirika la Leonard Cheshire liliitumia njia hiyo huko Oriang, Homa Bay, katika shule 5 za msingi, pamoja na kuwafunza walimu na kurekebisha majengo.

Majengo ni eneo ambalo wanafunzi wa Likuyani wanaweza kulishughulikia wenyewe kwa futi kamba na daftari. Hesabu ni ya darasani: kila sentimita 1 ya kimo cha ngazi inahitaji sentimita 12 za mteremko. Kidato cha sentimita 15 mlangoni kinadai mteremko wa sentimita 180, na mlango wenyewe uwe na upana wa sentimita 90. Choo kinahitaji mlango unaofunguka kwa nje, nafasi ya kugeuzia kiti, na bomba la kushikilia lililofungwa imara ukutani. Chama cha wanafunzi kinachopima madarasa yote kwa juma moja kitakuwa na karatasi ambayo bodi ya shule haiwezi kuisukuma kando kwa urahisi.

Nyumbani mambo huwa magumu zaidi. Bado kuna watoto wanaofungiwa vyumbani kwa aibu au kwa kuogopa maneno ya majirani, ingawa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikwisha kufanya kumficha mtu wa namna hiyo kuwa kosa, na nafasi yake ikachukuliwa na sheria mpya mwaka 2025. Kijana anayemfahamu mtoto kama huyo asiende kugombana na wazazi wake. Amwambie mwalimu anayemwamini, naye ataifikisha habari kwa naibu wa chifu na kwa kituo cha kutathmini mahitaji maalumu cha idara ya elimu. Tathmini ya daktari katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa ndiyo hufungua usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa inaweza kuomba fedha za mpango wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwanafunzi mwenye ualbino anaweza kupata mafuta ya kukinga jua kupitia baraza hilo, na mtahiniwa asiyeona vizuri anaweza kuombewa karatasi ya maandishi makubwa au ya breli kutoka baraza la mitihani. Ombi hilo hupitia shuleni wakati wa usajili wa mtihani, kwa hiyo rafiki anayeketi naye dawati moja amkumbushe mapema, na ikibidi waende pamoja ofisini kwa mwalimu mkuu.