List, Set au Collection?

Swali: Naandika programu ya Java ya kutunza wanachama na michango ya kikundi chetu cha akiba. Kila mahali nimetumia ArrayList, lakini mwenzangu anasisitiza Set. Nani yuko sahihi?

Jibu: Kwa wanachama, mwenzako. Set haipokei kitu kilekile mara mbili, na mwanachama hapaswi kusajiliwa mara mbili. Tena, ukiuliza kama fulani yumo, ArrayList hukagua mmoja baada ya mwingine, ilhali HashSet kwa kawaida huenda moja kwa moja panapohusika. Ila klasi yako ya Mwanachama lazima iwe na equals na hashCode zinazopatana, zote zikitegemea namba ya uanachama. Usipoziandika, Set itampokea mtu yuleyule mara mbili bila kutoa kosa lolote. Hili nalisisitiza kwa sababu hitilafu yake ni ngumu sana kuigundua.

Michango iache kwenye List. Watu wawili wakitoa 5,000 kila mmoja, Set ya viasi hivyo ingebakiza kimoja, na hesabu ya kikundi ingepotea.

Methodi inayojumlisha tu michango ipokee Collection, aina mama ya List na Set, kwani haihitaji nafasi ya kitu chochote. Omba List pale tu unapotaka kitu cha tatu au cha mwisho. Na kama kazi yako kubwa ni kumtafuta mwanachama kwa namba yake, tumia Map, ambayo kwenye Java haimo katika ukoo wa Collection.