Samaki wa Asali kwa Mlo wa Jioni

Katika vikundi vyetu hapa Isiolo wengi husema samaki ni chakula cha watu wa ziwani. Sawa, hatubishani. Lakini nyama ya mbuzi hula makaa ya saa nzima, na kipande cha samaki huiva kwa robo saa tu. Mama aliyetoka mkutanoni jioni apige hesabu mwenyewe.

Wajapani huuita upishi huu teriyaki, yaani kuchoma kwa kung'arisha. Wao hutumia samoni. Sisi tuna trauti wanaofugwa upande wa Timau, wa ukoo huo huo, au tilapia. Kwa joto letu, samaki apikwe siku ile ile aliyonunuliwa.

Changanya vijiko 3 vya sosi ya soya, 2 vya asali, tangawizi na kitunguu saumu kilichotwangwa. Usitie chumvi, sosi inayo tayari. Kaanga vipande kwanza, kama dakika 4 kila upande. Ndipo umwage mchanganyiko. Ukitangulia, asali itaungua iwe chungu. Geuza mpaka rojo ishike na kung'aa.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali hata iliyopikwa, inaweza kumdhuru vibaya. Mtolee chake mapema, na umchambulie miiba.