Namba 3,628,800

Wanafunzi watatu wasimame mstari mmoja mbele ya darasa. Je, wanaweza kujipanga kwa njia ngapi? Jaribuni. Mtapata njia 6, yaani 1 × 2 × 3. Akija mwenzao wa nne, katika kila mpango anaweza kusimama mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu au pa nne. Kwa hiyo njia ni 6 × 4, yaani 24.

Wanafunzi kumi je? Msiwasimamishe! Zidisheni kwanza, kutoka 1 mpaka 10. Jibu ni 3,628,800: milioni tatu, laki sita, elfu ishirini na nane na mia nane. Tuseme wangebadilisha mpango kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala. Siku moja ina sekunde 86,400. Gawanyeni. Wangemaliza baada ya siku 42, yaani majuma sita kamili, pasipo kuzidi wala kupungua hata sekunde moja.

Namba hii hugawanyika bila baki kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10, kwa kuwa zote zilizidishwa kuipata. Igawanyeni kwa 7. Jibu ni 518,400. Sasa igawanyeni kwa 11. Je, hubaki ngapi?